Ukienda Efeso, Lala Selçuk

Meli za kitalii zinapotia nanga Kuşadası, kwenye pwani ya Aegean ya Uturuki, abiria hupakiwa kwenye mabasi kwenda kuona magofu ya Efeso. Hushushwa lango la juu, wakateremka na barabara ya marumaru nyuma ya mwongozaji aliyenyanyua kibendera, wakapiga picha mbele ya Maktaba ya Celsus, wakatokea lango la chini na kurudishwa melini. Mji wa Selçuk, ulio kilometa tatu hivi kutoka magofuni, huuona kupitia dirisha la basi, kama wanauona. Nasema bila kumung'unya maneno: watu hao wameona nusu tu ya Efeso, tena nusu isiyo na mtu ndani yake.

Nusu ya pili iko hai. Ina soko, shule, stesheni ya treni na wazee wanaocheza dhumna chini ya miti. Huwa nasikitika ninapoisikia ikiitwa "mji wa karibu na magofu", kana kwamba kazi yake ni kuuza maji ya chupa na kofia kwa wapita njia. Selçuk ni Efeso yenyewe baada ya kuhama.

Kilichoihamisha ni tope. Efeso ilikuwa bandari, na utajiri wake ulitoka baharini. Mto ambao leo unaitwa Küçük Menderes ulishuka na udongo mwaka hadi mwaka, karne hadi karne. Warumi walizibua bandari, ikaziba. Wakazibua tena, ikaziba tena. Leo kutoka ilipokuwa bandari hadi ufukweni ni zaidi ya kilometa tano za mashamba na matete. Maji yaliyotuama yakaleta mbu, mbu wakaleta malaria, na msomaji aliyekulia Rufiji au Malindi hana haja ya kuelezwa yaliyofuata. Watu wakapanda juu, kwenye kilima cha Ayasuluk. Huko ndiko Wakristo walikoamini kuwa Mtume Yohana amezikwa, na katika karne ya 6 Kaisari Justiniano alijenga juu ya kaburi hilo kanisa kubwa lenye umbo la msalaba. Mji ukalizunguka kanisa, na ukuta ukauzunguka mji. Waturuki wa ukoo wa Aydın walipoutwaa mwanzoni mwa karne ya 14 walikuta watu, nao wakaishi humo na kuujenga upya. Jina la Selçuk lilikuja mwaka 1914 tu.

Kuna mahali pamoja ambapo historia yote hii inaonekana bila kugeuza shingo. Simama kwenye bonde lilipokuwa hekalu la Artemi, mungu mke wa Waefeso wa kale, utazame kilimani. Mbele yako kuna nguzo moja, iliyounganishwa kwa vipande vya nguzo mbalimbali. Ni hiyo tu iliyosimama katika jengo lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, ambalo Plinio Mrumi aliandika kuwa lilikuwa na nguzo 127. Nyuma yake kuna Msikiti wa Isa Bey. Juu ya msikiti kuna mabaki ya kanisa la Yohana, na juu kabisa ngome yenye bendera. Dini tatu zimepangana kwenye mteremko mmoja, na kila moja imechukua mawe ya iliyotangulia. Wapo wanaouita huo wizi. Mimi nauona ndio uhai wa mji: jiwe lililochongwa vizuri halikuachwa lioze kinamasini wakati kuna ukuta unaolihitaji.

Ingia msikitini uone nilichokusudia. Ulikamilika mwaka 1375, na mjenzi wake, Ali bin Mushaimish, alitoka Damasko, ndiyo maana una ua mpana kama misikiti ya Sham. Ndani kuna nguzo nne za mawe magumu ya kijivu, nene kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuzikumbatia. Zilitolewa kwenye mahamamu ya Kirumi kule bandarini. Weka kiganja juu yake hata mchana wa Julai na utaikuta baridi. Nje, mnara wa matofali umekatika juu ya roshani yake, na mwenzake umebaki kitako tu. Saa ya adhuhuri wazee wachache wa mtaa huja, hutawadha, husali, kisha hukaa uani kivulini wakizungumza. Hakuna tikiti.

Mtu wa Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kukipanda kilima hiki. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 kisha akafika Kilwa na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, alifika pia Ayasuluk katika miaka hiyohiyo ya 1330. Msikiti wa Isa Bey ulikuwa haujajengwa. Aliswali ndani ya kanisa la Yohana, ambalo wakati huo lilikuwa limefanywa msikiti wa Ijumaa, na akaandika kuwa halina mfano duniani. Kisha, katika ukurasa huohuo, bila kubadili sauti, anasema kuwa katika mji huo alinunua msichana wa Kigiriki kwa dinari 40 za dhahabu.

Nilisimama muda mrefu juu ya sakafu ile nikimfikiria msichana huyo ambaye hata jina lake halikuandikwa. Efeso ya Kirumi ilikuwa moja ya masoko makubwa ya watumwa katika bahari ile, na miaka zaidi ya elfu moja baadaye biashara hiyo ilikuwa bado inafanyika kilimani. Sisi wa pwani tunaujua vizuri uzuri wa namna hii, wa milango ya nakshi na kuta za matumbawe zilizosimama juu ya migongo ya watu. Nashauri mtu asiusifu mji wa kale, wetu au wao, akaruka ukurasa huo.

Magofu yenyewe ya Efeso yameandikwa vya kutosha, kwa hiyo nitapita haraka. Maktaba ya Celsus ni nzuri kama wasemavyo. Aliijenga mtoto kwa heshima ya baba yake, na baba amezikwa chini yake. Uso wake wa mbele ulisimamishwa upya na Waaustria katika miaka ya 1970. Ukumbi wa michezo uliochukua watu wapatao 25,000 ndimo umati ulimopiga kelele dhidi ya Paulo na wenzake kwa ajili ya biashara ya vihekalu vya fedha, kama Matendo ya Mitume sura ya 19 inavyosimulia. Keti safu ya juu usome sura hiyo kwa sauti ya kawaida, utaielewa kuliko ulivyowahi kuielewa. Ushauri wangu ni mmoja tu: uwe mlangoni wanapofungua asubuhi. Anayelala Selçuk anaweza kufika kwa miguu, kwa njia yenye miti ya kivuli pembeni, na akapata saa nzima kabla ya msongamano.

Kuna mtu mmoja ambaye kisa chake ndicho kilichonifanya niipende Selçuk kabla sijaiona. John Turtle Wood, msanifu majengo Mwingereza, alikuja kuchora stesheni za reli ya kutoka İzmir kwenda Aydın, na akashikwa na hamu ya kulitafuta hekalu la Artemi, ambalo hakuna aliyejua lilipo. Alianza mwaka 1863. Akachimba shimo hapa, shimo pale, asipate kitu. Kisha ndani ya ule ukumbi wa michezo akakuta maandishi ya Kigiriki ya mwaka 104: tajiri mmoja, Salutaris, ameacha fedha za kugharimia maandamano ya sanamu kutoka hekaluni hadi mjini, na maandishi yanataja lango ambalo maandamano yatapitia. Wood akalitafuta lango, akalipata, akaifuata barabara kutoka hapo nje ya mji, hatua kwa hatua chini ya mashamba ya watu. Mwisho wa mwaka 1869, mita zipatazo sita chini ya tope, akagonga sakafu ya marumaru. Tope lilelile lililoua bandari ndilo lililokuwa limefunika hekalu. Mpaka leo ukichimba kidogo pale maji yanapanda, na vyura na kasa wanaogelea kuizunguka ile nguzo.

Reli ipo bado. Treni kutoka İzmir, ikipitia uwanja wa ndege, inakushusha katikati ya Selçuk, na hapo mbele ya stesheni ndipo mji unapoanza kukukaribisha. Nguzo ndefu za mfereji wa maji wa zama za Bizanti, uliokuwa ukipeleka maji kilimani, zimesimama katikati ya mikahawa, na karibu kila moja ina kiota cha korongo mweupe juu yake. Korongo hawa hawana wimbo. Mmoja akirudi kiotani, mwenzake hutupa kichwa nyuma mpaka kisogo kiguse mgongo, na wote wawili hugonganisha midomo kwa kasi, ka-ka-ka-ka, hata mtu anayeongea na simu chini inabidi anyamaze. Wenyeji hawageuki. Ifikapo Agosti ndege hao huondoka. Korongo wa njia hii ya mashariki huzunguka bahari kupitia Sham na Sinai, hufuata bonde la Nile, na msimu wetu wa mvua huwakuta kwenye mbuga za Kenya na Tanzania wakiokota nzige na viwavijeshi; wengine huendelea hadi kusini kabisa mwa bara. Nilimweleza hayo mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai meza ya jirani, kwa Kituruki cha kuokoteza na mikono mingi. Akavitazama viota juu ya nguzo, akanitazama mimi, akaniagizia chai nyingine.

Chakula cha hapa ni mishkaki midogo iitwayo çöp şiş: nyama iliyokatwa ndogo kama kidole gumba, imechomekwa kwenye vijiti vyembamba, inakuja kwa fungu pamoja na mkate mwepesi, kitunguu na nyanya ya kuchoma. Jumamosi kuna soko, na msimu wa tini ndio wa kwenda. Fedha unayoiacha sokoni na kwenye nyumba ndogo za wageni inabaki na watu wanaoishi na magofu haya mwaka mzima, ilhali abiria wa basi la melini anaondoka bila hata kununua glasi ya chai.

Msomaji Mwislamu asiache kwenda kwenye pango la Ashab al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni miaka mingi, upande wa pili wa mlima wa magofu. Iko miji mingine inayodai kuwa na pango hilo, na mimi si mtu wa kuamua, lakini anayeisoma Suratul Kahf kila Ijumaa atasimama pale kwa moyo mwingine. Pamezungushiwa waya, unachungulia tu. Chini yake kina mama huketi sakafuni wakisukuma unga kwa kijiti chembamba kirefu mpaka uwe mwepesi kama kitambaa, wanatia jibini au mchicha, wanakunja na kuuchoma juu ya chuma kilichobinuka. Juu ya mlima mwingine kuna nyumba ya mawe inayoaminiwa kuwa ndiyo aliyoishi Bibi Maryamu. Mapapa watatu wamefika, Paulo VI, Yohane Paulo II na Benedikto XVI, na kwenye foleni utaona rozari na tasbihi.

Nimeacha jumba la makumbusho la Selçuk mpaka sasa kwa sababu lina jambo linaloniumiza. Sanamu za marumaru za Artemi zilizofukuliwa mwaka 1956 zimo humo, katika chumba chenye mwanga hafifu, nazo zinatosha kukufanya usafiri. Lakini vipande vingi bora havimo. Alichokipata Wood kilisafirishwa kwenda British Museum, kikiwemo kipande cha nguzo ya hekalu kilichochongwa watu wa ukubwa wa kweli pande zote. Waaustria, walioanza kuchimba mwaka 1895, walipeleka vyao Vienna, ambako vina makumbusho yake hadi leo. Ruhusa za masultani zilikuwepo, najua. Hata mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, iliondoka kwenda Berlin kwa karatasi zilizokamilika. Ruhusa iliyotolewa na mtawala wa mbali, wenyeji wasiulizwe, haijawahi kunitosha. Efeso iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015, na orodha hiyo haikutaja magofu pekee: ilijumuisha kilima cha Ayasuluk, bonde la hekalu na nyumba ya Maryamu. Maana yake dunia imekiri kwamba mahali hapa ni kitu kimoja. Basi kile kipande cha London kirudishwe Selçuk, kwenye jumba lililo umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye bonde la hekalu kilikotoka.