Kiingereza cha Nobody

Leo asubuhi nimegonga mlango wa bosi wetu Mwingereza, sauti ikatoka ndani: "Who is it?" Nikanyoosha kola, nikakohoa kidogo kama mtu mwenye heshima zake, nikajibu: "It is I."

Kimya.

Nikadhani hakusikia. Nikapandisha sauti: "It is I!"

Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha kicheko kile cha mtu kushika mbavu. Mlango ukafunguliwa. Jamaa akatazama juu ya kichwa changu, kana kwamba anatafuta wingu nililoshukia. "Oh, it's you," akasema. "I thought it was God."

Nikamweleza kwa unyenyekevu wote kwamba baada ya "is" hukaa "I", kwa sababu "me" ni yambwa, yaani mtendwa, na yambwa hana shughuli hapo. Nilikariri hayo mpaka nikawa nayaota. Kwetu mimi ni mimi tu, nikigonga ni mimi, nikigongwa ni mimi. Wao ndio walioniambia nigawanyike. Akanipigapiga begani: "Nobody says that, mate."

Nobody! Kumbe miaka yote ile nimefundishwa Kiingereza cha huyo Nobody, na sijawahi kukutana naye hata siku moja tukasalimiana.

Sijamaliza kulimeza hilo, akaongeza: "Me and Tom was just talking about you." Nikashika fremu ya mlango. Watu wawili, "was"! Na wa kwanza kati yao ni "me"! Nikamtazama Tom, labda atashtuka, Tom anakoroga chai yake. Halafu bosi akanirudishia ripoti yangu. Nilikuwa nimeandika "less errors", ameizungushia wino mwekundu, pembeni "fewer". Mtu yuleyule! Nikamuuliza. Eti ile ni kuongea, hii ni kuandika. Sawa. Sasa mimi niliyejifunza kuongea kutoka kwenye maandishi niende wapi?

Simu nimeshakatiwa kwa kuuliza "To whom am I speaking?" Nadhani mteja alijua nampelekea samansi. Wakiniuliza "How are you?" najibu "I am very well, thank you, and you?", nikifika kwenye "and" mwenzangu ameshakata kona.

Na usiniguse kuhusu kumalizia sentensi na kihusishi, vile vineno kama "to" na "from". Mshairi John Dryden alimnanga mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kosa hilo mwaka 1672, na Jonson alikuwa kaburini zaidi ya miaka 30, hawezi hata kujitetea. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, akaandika kwamba mtindo huo ni kitu "which our language is strongly inclined to". Umeiona hiyo "to" ilipokaa? Wakubwa wanataniana humo vitabuni, mimi nakatwa maksi!

Tena "I are" ni kosa, lakini "aren't I?" ni sahihi kabisa, unaisema mbele ya jaji. "Ain't I?" wanaikunjia pua. Nani alikaa akapitisha hilo? Nauliza kweli, nani? Maana nimechoka. Wakivunja wao, ni mazungumzo ya kawaida; nikivunja mimi, nirudi darasani; nikifuata sheria, mimi ni Mungu mlangoni.

Hata maandishi yao nayo yana mambo. Ile "b" ya "debt" inafanya nini mle? Neno liliingia kutoka Kifaransa bila "b" yoyote, wasomi wakaichomeka ili lifanane na Kilatini, na hadi leo imekaa humo haisemi neno, kama mgeni aliyenuna. Halafu "debt" yenyewe imenikumbusha kuna mtu namkwepa tangu mwisho wa mwezi. Akipiga simu kuuliza kama ni mimi, safari hii nina jibu sanifu kabisa: "It is not I."