Usikisugue Kabla Hujakisoma

Jumamosi iliyopita niliondoka mapema kwenye baraza letu la wapenzi wa visu vya zamani, kahawa yangu sijaimaliza. Wenzangu walidhani nimekasirika. Kweli nilikuwa na hasira, lakini uchungu ulikuwa mkubwa kuliko hasira.

Mwenzetu mmoja alituletea kisu cha kukunja alichokipata Kongowea kwa muuza vyuma chakavu. Huo ndio utaratibu wetu: aliyepata kitu wiki hiyo hukiweka mkekani, kikapita mkono hadi mkono, kila mtu akakifungua na kukifunga, akasikiliza springi inavyolia. Hiki kilikuja kinang'aa kama kijiko kipya. Kabla ya kutuletea alikuwa amekipeleka kwa fundi wa jua kali, kikasagwa kwa grenda, kikapigwa msasa, kikamalizwa kwa polishi. Kwake yeye hiyo ilikuwa heshima kwetu. Nikakigeuza na kutazama shina la bapa, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, mahali mtengenezaji anapopiga chapa yake. Hapakuwa na kitu. Palikuwa laini kama kucha.

Kisha akatoa simu atuonyeshe picha ya siku alipokinunua, ili tuone kilivyokuwa kibaya. Ni kutu na uchafu uliokauka, mpini wa pembe umepasuka karibu na ribiti. Na pale shinani, ukiivuta ile picha, unaona taji dogo. Kulia kwa taji kuna herufi R. Chini yake zimebaki herufi tano: DGERS. Kushoto kwa taji kuna doa la kutu.

Wapenzi wa visu vya Sheffield, ule mji wa mafundi visu kule Uingereza, mmeshajua kilichonikaba koo. Joseph Rodgers & Sons walikuwa watengenezaji visu wa kifalme, na kwenye chapa yao waliweka taji katikati ya herufi mbili za mtawala wa wakati huo. R iko siku zote. Inayobadilika ni ile ya kushoto. Ikiwa V, ni enzi ya Victoria, 1837 hadi 1901. Ikiwa E, ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910, miaka tisa tu. Ikiwa G, mara nyingi ni kuanzia 1910, akina George. Herufi moja, ndogo kuliko punje ya mchele, ndiyo inayokueleza kisu kilizaliwa lini. Kama ile ilikuwa V, kisu hicho huenda kilikuwa mfukoni mwa mtu wakati reli ya kutoka Mombasa inatandikwa, 1896 hadi ilipofika ziwani 1901. Kama ilikuwa G, huenda ni cha enzi ya babu zetu wenyewe. Sasa hatutajua. Kutu ilikuwa imeifunika ile herufi na pengine kuihifadhi. Grenda ndiyo iliyoimaliza.

Ndugu zangu, chapa ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kisu. Hakina kingine. Wamarekani wa kampuni ya visu ya Case, kule Bradford, Pennsylvania, walifanya jambo ninalolipenda mno: mwaka 1970 walianza kupiga nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka wakaondoa moja. Nukta saba, kisu ni cha 1973. Zikiwa saba lakini herufi S ya jina imekunjwa kama radi, basi ni cha mzunguko uliofuata, 1983. Hebu fikiria umepitisha msasa hapo kidogo tu, nukta mbili zikafutika. Umekidanganyia umri, na atakayekipokea baada yako ataendelea kudanganywa.

Halafu kuna ile rangi. Visu vingi vya wazee ni vya chuma cha kaboni. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley, na kwenye visu vya mfukoni hakikuenea kwa siku moja. Chuma cha kaboni hunywa alichokikata mwenyewe. Chungwa, ndimu, embe bichi, kitunguu, vyote huacha kijivu kinachoelekea bluu, na kijivu hicho kikishakolea husaidia kuzuia kutu nyekundu. Watu wanakiita uchafu! Nina kisu cha babu yangu mzaa mama. Karibu na ncha kina doa la bluu iliyoiva, umbo lake kama jani, kwa sababu alikuwa akitumenyea machungwa kizingitini, siku zote kwa ncha ile ile, ganda likishuka refu bila kukatika. Tumbo la bapa limelika kwa kinoo mpaka limeingia ndani kama mwezi mchanga. Mtu aliwahi kuniambia angenisaidia "kulirudisha sawa". Nilimwambia aniachie, kwa sababu ule mkunjo ni mkono wa babu yangu, na sina picha yake yoyote.

Nakubali, kutu nyekundu lazima itoke. Ukiiacha inachimba, na mwisho itakula hiyo hiyo chapa ninayoipigania. Lakini itoe taratibu. Tone la mafuta ya cherehani, lilale usiku mzima. Asubuhi kitambaa cha pamba, na penye ganda gumu kwangua kwa kipande cha shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma, haitakikwaruza. Rudia kesho, rudia keshokutwa. Pale shinani tumia kijiti cha meno tu, na kioo cha kukuzia mkono wa pili. Kazi ya wiki nzima, ndiyo. Nakubali pia kwamba kisu kipya cha kukatia mkate ni chako, kisugue upendavyo. Watengenezaji visu wa Opinel wanaendelea kutengeneza vingine.

Wale wanaosema kinachong'aa kinapata bei wamuulize mnunuzi anayejua atatazama wapi kwanza. Na wanaosaka mipini ya pembe za ndovu, ambazo nyingi zilipita Unguja kwenda kwa mafundi hao hao wa Sheffield, tafadhali msituletee barazani. Sheria inakataza, na hata isingekataza.

Mwenzetu alinipigia Jumapili jioni. Sauti yake ilikuwa chini, akaniuliza kama chapa inaweza kurudishwa. Nilimweleza ukweli, haiwezi. Tukanyamaza kidogo. Kisha nikamwomba ile picha, akanitumia. Nimeivuta hadi ikawa vipande vya rangi tupu. Kuna usiku naona mstari wa chini uliolala, nasema ni E. Mke wangu ameitazama akasema anaona mviringo, kwa hiyo ni G. Doa la kutu limekaa hapo hapo, kushoto kwa taji, na kisu chenyewe kiko mezani kwa mwenzetu kinang'aa.