Kupiga mto kunachochea moto

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu hasira anashauri mwenye hasira apige mto wa kulalia "atoe nyongo". Hapo amepotoka. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio la wanachuo 600 ambao insha zao zilipondwa makusudi. Waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria mkosoaji walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya dakika mbili tu! Mimi nilikuwa mbamiza milango (mke wangu shahidi, bawaba tumebadilisha mara mbili). Siku hizi nikipandwa navaa kandambili, natembea mpaka kwa muuza kahawa, narudi nimepoa. Ila anayelipuka kila mara kwa jambo dogo na kuvunja vyombo, hilo laweza kuwa tatizo la kiafya lenye matibabu, makala haikuligusa kabisa.