Tukimwambia mwanafunzi akaze buti, akaze wapi?

Kila mwaka, Septemba na Oktoba, kabla mtihani wa kidato cha nne haujaanza Novemba, shule za sekondari Tanzania hufanya mahafali. Turubai, risala, keki, kisha mgeni rasmi anashika kipaza sauti: "Wanangu, someni kwa bidii. Ukiamua, unaweza." Nimefundisha Biolojia miaka ya kutosha kuisikia kauli hiyo mara nyingi. Siidharau. Ila naona inastahili kupimwa.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Tangu 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na shule za kata zimesogea karibu na nyumbani. Kilichobaki, wanasema, ni mtoto mwenyewe kukaa chini asome. Na mwalimu yeyote amewaona wawili walioketi dawati moja na kufundishwa na mtu yuleyule, mmoja akatoka na daraja la pili, mwenzake ziro, kwa sababu mmoja alikuwa akirudia maswali jioni. Kumwambia mtoto juhudi zake ni bure kwa kuwa shule haina maabara ni kumnyang'anya kitu pekee kilichomo mikononi mwake.

Lakini kumbukeni matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na baadaye matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wapo waliolaumu simu na uvivu. Uvivu gani huo unaoshuka kwa zaidi ya nusu ya vijana wa nchi nzima kwa mkupuo? Madarasa yalijengwa haraka, walimu wa sayansi na maabara hazikuja kwa kasi hiyo. Na mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza.

Hapo pa lugha ndipo bidii nyingi inapopotelea. Nilikuwa na binti wa kidato cha tatu aliyejaza ukurasa mzima wa daftari akinakili maana ya osmosisi kwa Kiingereza. Aliimeza neno kwa neno, na nukta zake. Nilipoligeuza swali kidogo, kimya. Nikamuuliza kwa Kiswahili: ukikata matango ya kachumbari ukayatia chumvi, yale maji yanayobaki chini ya bakuli yametoka wapi? Akajibu papo hapo: "Kwenye matango, mwalimu. Chumvi inayavuta." Alikuwa anaijua osmosisi tangu jikoni kwa mama yake. Kama ningemwambia aongeze bidii, angeongeza kurasa za kunakili.

Kuna pia hesabu ambayo wanafunzi wengi hatujawahi kuwaonyesha. Daraja hupangwa kwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5. Mwenye F tupu ana 35, na daraja la nne mwisho wake ni 33; zaidi ya hapo ni ziro. Yaani D mbili, au C moja tu, inamtoa kwenye ziro. D huanzia alama 30. Mtoto aliyepata 24 ya Kiswahili na 26 ya Jiografia kwenye mock, mtihani wa majaribio, anajiita kilaza na ameshakata tamaa, kumbe anadaiwa alama 6 huku na 4 kule. Mwonyeshe hivyo mwezi wa nane, mpe maswali ya mada mbili anazoziweza, uone atakavyokaa prepo, kujisomea jioni. Sijaona hotuba iliyofanya kazi kama kikaratasi chenye namba hizo mbili.

Wenzangu hunilaumu kwamba nafundisha watoto kuridhika na D. Nusu ya lawama hiyo naikubali: anayeweza B ukimwekea lengo la D umemdhulumu. Ndiyo maana lengo haliwezi kutangazwa kwa kipaza sauti kwa darasa zima. Lazima mwalimu akae na mmoja mmoja, na kwa darasa la watoto 60 hiyo ni kazi ya jasho.

Kwa sababu hiyohiyo nilifurahi Baraza la Mitihani, NECTA, lilipoacha, Januari 2023, kutangaza shule na watahiniwa 10 bora. Kipanga anayewinda "one ya 7", yaani A katika masomo yote 7, huenda amepoteza kichocheo, sikatai. Lakini orodha ile haikuwahi kusema lolote na mtoto wa katikati.

Basi mgeni rasmi wa mwaka huu aseme maneno yake yaleyale, maana watoto wanayahitaji. Kisha, kabla hajapanda gari, aulize kama shule ina mwalimu wa Fizikia. Na sisi wazazi tupunguze kumtuma binti kisimani na dukani jioni nzima halafu usiku tumuulize mbona hasomi.

Yule binti wa kachumbari alinisubiri wiki iliyofuata mlangoni mwa ofisi ya walimu, daftari kifuani. "Mwalimu, na difusheni nayo iko jikoni?" Nikamwambia avute pumzi. Nje ya uzio mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi, na harufu ilikuwa imesambaa hadi kwetu.