Duffy hasi na namba ya neutrofili: tupime jeni au tubadilishe viwango?

Mtu mzima asiyeumwa chochote anapimwa damu kabla ya upasuaji mdogo. Karatasi ya picha kamili ya damu inatoka kwenye mashine ikionyesha neutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, 1.3 (yaani 1,300 kwa kila mikrolita ya damu), na pembeni herufi L ya kuonyesha kwamba ziko chini, kwa sababu mashine imepangiwa kwamba kawaida huanzia 2.0. Anaambiwa kinga imeshuka. Anapimwa HIV, hana. Anarudia baada ya wiki mbili, namba ni ileile. Upasuaji unasogezwa mbele na mtu anarudi nyumbani na hofu. Kwa Waafrika wengi walio katika hali hii maelezo yanapatikana kwenye jeni moja, ACKR1, ambayo watu wa benki ya damu wanaifahamu zaidi kwa jina la Duffy.

Jeni hii ipo kwenye kromosomu ya 1. Inatoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi, protini inayokaa juu ya utando wa chembe nyekundu za damu na wa seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo. Kazi yake ni kunasa kemokini, zile kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana mahali penye jeraha au maambukizi. Protini hii ilitambuliwa mwaka 1950 nchini Uingereza kama alama ya damu, kwenye damu ya mgonjwa wa hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, ikabaki na jina lake. Mwaka 1955 ikabainika kwamba Wamarekani weusi wengi hawana kabisa alama hii kwenye chembe zao nyekundu. Sababu ilijulikana mwaka 1995, nayo ni herufi moja tu ya DNA: panapotakiwa T pana C, nafasi ya 67 kabla ya jeni kuanza kusomwa. Hapo ndipo protini iitwayo GATA1 hushika ili kuiwasha jeni katika seli zinazozaa chembe nyekundu. Ikishindwa kushika, chembe nyekundu zinatoka bila kipokezi, ingawa kwenye mishipa kipokezi kinaendelea kuwepo.

Anayerithi nakala hiyo kwa baba na kwa mama ni Duffy hasi. Afrika Magharibi na ya Kati karibu kila mtu yuko hivyo, na kwetu Afrika Mashariki ni wengi mno. Faida yake inafahamika tangu mwaka 1976, Louis Miller na wenzake walipoonyesha kwamba vimelea vya malaria aina ya vivaksi vinahitaji kipokezi hiki ili kuingia kwenye chembe nyekundu. Kinga hiyo si kamili, kwani wagonjwa wa vivaksi walio Duffy hasi wamepatikana Madagaska na kwingineko. Hata hivyo ndiyo sababu kubwa ya vivaksi kuwa adimu katika sehemu kubwa ya bara hili, huku ikisumbua Ethiopia, ambako wenye kipokezi ni wengi zaidi.

Uhusiano wa jeni hii na neutrofili ulithibitishwa mwaka 2009, na mwaka 2017 utafiti wa panya na watu ukaonyesha namna unavyotokea. Kipokezi kikikosekana kwenye seli changa za chembe nyekundu ndani ya uboho, uzalishaji wa seli za kinga hubadilika, na neutrofili zinazotoka huondoka upesi kwenye damu kwenda kwenye tishu. Kwa hiyo namba ya chini kwenye karatasi haina maana kwamba askari wamepungua. Wametawanyika kazini, na sisi tunahesabu waliobaki barabarani. Watu hawa hawaugui maambukizi kuliko wengine kwa sababu ya namba hiyo.

Upande mmoja wa mjadala unadai kwamba Duffy ipimwe, na kila mtu asomewe majibu yake kwa kiwango kinachomhusu. Hoja zao ni nzito. Dawa nyingi za saratani husubiri neutrofili zifike 1,500 kwa kila mikrolita ya damu kabla ya dozi inayofuata, kwa hiyo mwanamke mwenye saratani ya matiti ambaye maisha yake yote amekuwa na 1,300 anacheleweshwa au anapunguziwa dawa inayomponya. Klozapini, dawa ya skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa, ilikuwa ikisitishwa kwa sababu hiyohiyo, mpaka mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliporuhusu watu wenye hali hii waanzishiwe wakiwa na 1,000 badala ya 1,500. Kuna pia majaribio ya dawa na chanjo, ambayo huwakataa watu wenye afya njema kwa kutumia viwango vilivyopimwa Ulaya na Marekani. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima wenye afya njema huko Kericho na Mbeya, vikachapishwa mwaka 2008, na vile vya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia vya mwaka 2009, vilikuta neutrofili zikiwa chini ya viwango hivyo. Mtu akikataliwa kwenye jaribio, dawa inaingia sokoni bila kujaribiwa kwa watu wa aina yake. Hilo linaniuma zaidi ya yote.

Upande wa pili una hoja ambazo daktari wa wilaya atazielewa haraka. Kupima Duffy kwa watu ambao karibu wote ni Duffy hasi ni kulipia jibu unalolijua. Shusha kiwango cha chini kwenye mashine, wanasema, kazi imekwisha. Wengine wana hofu kinyume chake: ukishawazoesha watu kwamba "Waafrika ndivyo walivyo", nani atamtafuta aliyeshushwa na kitu kingine? HIV yenyewe hushusha neutrofili. Zidovudini, dawa ya HIV, na kotrimoksazoli, dawa ya bakteria, hushusha pia, sawa na homa ya matumbo, upungufu wa vitamini B12, bandama lililovimba kwa kichocho, na leukemia, yaani saratani ya damu. Tena wapo waliosema Duffy hasi haipaswi kuitwa salama mapema hivyo. Mwaka 2008 kikundi kimoja kilidai kwamba huongeza hatari ya kuambukizwa HIV, ingawa watafiti wengine walipinga wakisema tofauti ya nasaba haikuzingatiwa ipasavyo.

Hofu ya kupitwa na mgonjwa naiheshimu, lakini naona inaelekezwa pasipo. Duffy hasi ina mipaka yake. Utafiti wa watu weusi wenye afya nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kiwango chao cha chini kikiwa karibu 1,200. Kiwango kilichopimwa hivyo kinamsaidia daktari kumwona mgonjwa wa kweli, kwa sababu herufi L inayotokea kwa watu wengi wanaopita inaishia kupuuzwa, na siku ya leukemia itapuuzwa vilevile.

Ile ya kushusha kiwango cha mashine kwa wote siikubali nzima, na sababu ipo pwani. Mombasa, Lamu na Unguja zina familia zenye nasaba ya Oman, Hadhramaut na India, na nakala moja ya jeni haitoshi kukufanya Duffy hasi. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Kwa upande mwingine, Duffy hasi imejaa Yemen na Ghuba, na Wayahudi wa Yemen wamejulikana kwa neutrofili chache kwa miongo mingi. Anayekisia kwa rangi ya ngozi atamkosa Mwarabu wa Muscat mwenye 1,200 zake halali, na atamtuliza binti wa Kihindi wa Dar es Salaam ambaye 1,200 yake ina sababu ya kutafutwa.

Basi maabara zipime watu wenye afya wa eneo lao na kuweka viwango hivyo kwenye mashine badala ya vile vya kiwandani. Hilo linawafaa wengi. Kipimo cha Duffy kiwekwe pale uamuzi mkubwa unapoitegemea namba: kabla ya dawa za saratani, kabla ya klozapini, kabla ya kumkataa mtu kwenye jaribio, kabla ya kumtoboa mfupa kutafuta uboho. Hakihitaji maabara ya DNA. Ni matone ya damu na antisera mbili, vimiminika vya kutambua alama ya Duffy katika aina zake mbili, anti-Fya na anti-Fyb, kazi ambayo fundi wa benki ya damu anaiweza. Kinachokwamisha ni kwamba antisera hizo hazipo kwenye manunuzi ya kawaida ya hospitali nyingi, na hapo wizara zinaweza kusaidia kwa fedha kidogo kuliko zinazopotea kwenye vipimo vya kurudia. Na yeyote mwenye chini ya 500 ashughulikiwe siku hiyohiyo, awe Duffy hasi au asiwe.