Siri ya jeshi isiingie kwenye gunia la maharage

Wengi bado tunaikumbuka chenji ya rada. Serikali ya Tanzania ilinunua rada kwa BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 mahakama ya London ikaitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000, na sisi tukalipwa pauni milioni 29.5 zilizokwenda kwenye vitabu na madawati. Kosa lililowatia hatiani ni kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Kumbukumbu tu, ndugu zangu.

Tangu 2023 taasisi za umma zinanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na mimi ni shabiki wake. Lakini ukitaja manunuzi ya jeshi, hata hapa Mbeya, watu wanashusha sauti: hayo yaache. Bunduki na redio za mawasiliano, sawa, zifichwe. Mchele wa Mbarali je? Viazi vya Njombe? Mbao za vitanda vya vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pale Mafinga? Kinachoweza kumsaidia adui ni kiasi kinachopelekwa kila kambi, maana ukijua magunia utakadiria vichwa. Hicho kifungiwe. Bei ya kilo moja haina siri yoyote.

Ukraine walijifunza hili wakiwa vitani. Mfumo wao wa manunuzi ya umma mtandaoni, Prozorro, ulikuwepo tangu 2016, ila uvamizi wa 2022 ulipoanza, manunuzi ya jeshi yakaondolewa hadharani. Januari 2023 waandishi wa habari wakafichua mkataba wa chakula cha askari wenye yai moja kwa hryvnia 17 (hryvnia ni sarafu yao), wakati madukani Kyiv lilikuwa kama 7. Wakubwa wakajiuzulu, sheria ikarekebishwa, bei za vitu visivyo silaha zikarudi kuonekana. Vita haikusimama kwa sababu hiyo.

Sisi hata kazi ya kutafuta bei za kulinganisha imeshafanyika. Wizara ya biashara hukusanya bei za jumla za mazao mikoani, Mbeya na Iringa zikiwemo. Ziunganishwe na zabuni. Mzabuni akiandika mchele mara mbili ya bei hiyo, mfumo umzuie afisa ugavi kuendelea mpaka aandike sababu, na jina la afisa huyo libaki hapo.

Sababu halali zipo, nisiwaonee wazabuni. Kuna usafiri, kuna kodi, na kubwa kuliko zote ni kusubiri malipo. Anayejua atalipwa baada ya miezi sita anaiuza hata hiyo miezi sita ndani ya bei yake, na mwenye mtaji mdogo hajaribu kabisa. Kwa hiyo tarehe ya kupokea mzigo na tarehe ya kulipa zikae pamoja kwenye mfumo, mtu yeyote azione. Bila hivyo kikundi cha wakulima wa Igurusi kitaendelea kumuuzia mtu wa kati, naye ndiye atakayeipelekea kambi mchele wao kwa bei anayoitaka.