Kofia ngumu haizuii udongo: nani abebe lawama za ajali saiti?

Jengo likianguka Kampala, au shimo likifukia watu, lawama hugawanywa hata kifusi hakijaondolewa. Wakandarasi na wenye majengo husema vibarua ni wazembe: wanapewa kofia ngumu wanaziacha stoo, wanapewa buti wanaziuza, wengine wanapanda ghorofani pombe ya waragi bado iko kichwani. Vibarua na wanaowatetea husema matajiri wanabana pesa kwa gharama ya roho za watu. Kila upande una mifano yake. Na kwa kuwa kofia ndiyo inayoonekana hata na abiria wa bodaboda anayepita, mjadala wote huishia kwenye kofia. Hapo ndipo tunapopotea.

Nianze na wakandarasi, maana hoja yao hudharauliwa mno. Mkandarasi mdogo wa Kira au Nansana, miji ya pembeni mwa Kampala, haajiri watu anaowajua. Leo wamekuja kumi, kesho sita, na kati ya hao sita wanne ni wageni. Kanuni za ajira za 2011 haziruhusu mtu kubaki kibarua kwa zaidi ya miezi minne bila mkataba, lakini nyumba ndogo za kupangisha huweza kufika kwenye bati kabla miezi hiyo haijatimia, na fundi ameshahamia kazi nyingine. Utamfundisha nini mtu wa siku mbili? Buti ulizomnunulia zitaondoka naye. Kofia ya plastiki jua la saa saba inachoma kichwa, na fundi aliyejenga miaka mingi bila kuvaa chochote atakuambia wazi kwamba inamchelewesha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 nayo haikumwacha mfanyakazi nje: inamtaka ajilinde, atumie vifaa alivyopewa na asihatarishe wenzake. Kwa hiyo anayesema kibarua naye ana wajibu hajakosea.

Lakini tuangalie kinachoua.

Chukua shimo la msingi. Watu wawili wako chini, udongo mwekundu umewafika mabegani na wao bado wanachimba. Wanaurusha juu, nao unatua pale pale ukingoni, kwa sababu kiwanja ni kidogo na upande wa pili kuna ukuta wa jirani. Kila koleo linalopanda linaongeza mzigo juu ya kuta zilezile zinazowazunguka. Hakuna mbao zilizoegemezwa kuzuia kuta, hakuna ngazi. Wanatoka kwa kushikwa mkono. Jana usiku mvua ilinyesha na ufa mwembamba umejichora hatua moja kutoka ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua ingawa kichwa chake kiko nje. Kofia yake itakuwa bado iko kichwani, safi kabisa.

Nani aliamua udongo ukae ukingoni? Si mchimbaji. Nani aliamua kuta zisiegemezwe? Si yeye pia. Yeye alionyeshwa kamba na kuambiwa kina.

Jukwaa halina tofauti. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya ujenzi duniani kote, na huku kwetu jukwaa mara nyingi ni miti ya mikaratusi iliyogongwa misumari ambayo ilishang'olewa na kunyooshwa mara kadhaa, na juu yake mbao zilizobaki baada ya kumwaga zege, nyingine zimeshapasuka. Hakuna cha kushika ubavuni. Kibarua anapita hapo na karai la mchanganyiko begani. Akiteleza, tutasema hakuwa makini. Kisha kuna nguzo zinazobeba slabu mbichi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ambayo haijakauka; nguzo hizo hung'olewa mapema kwa sababu zinahitajika kwingine au zilikodishwa na siku zinahesabiwa. Vumbi la simenti, nyaya za umeme zinazopita karibu na ghorofa ya pili, mashine za kukata zisizo na kinga: hayo yote yapo, lakini hayafukii watu wengi kwa mpigo.

Kumbukumbu zetu wenyewe zinasema hivyo. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka ikaua watu 11. Oktoba 2008 udongo uliwafukia wafanyakazi kwenye shimo la msingi wa jengo la Pension Towers, Lumumba Avenue, katikati kabisa ya jiji, si mafichoni ambako hakuna anayeona. Septemba 2022 jengo likaanguka Kisenyi na kuua tena. Miezi yenyewe iangalieni: zote Septemba na Oktoba, majira ya mvua za pili. Sisemi mvua ndiyo iliyoua. Nasema mvua hizo huja kila mwaka, na ratiba ya saiti hupangwa kana kwamba hazipo. Katika matukio hayo yote, kofia isingebadilisha lolote la maana.

Ndiyo maana hoja ya uzembe wa kibarua, hata inapokuwa kweli, naiona ndogo. Na sheria yetu iliiona hivyo zamani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema fidia italipwa hata kama kuumia au kufa kulitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Akifa akiwa na watu wanaomtegemea, fidia ni mapato ya miezi 60. Tuseme kibarua analipwa shilingi 20,000 kwa siku na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi: ni 520,000 kwa mwezi, na mara 60 ni shilingi 31,200,000. Kwa pesa hiyo unakodi jukwaa la chuma kwa muda mrefu sana. Mwajiri anatakiwa pia awe na bima kwa ajili hiyo.

Sasa kama uzembe wa saiti ungekuwa unamgharimu tajiri milioni 31 kwa kila roho, nadhani kuta za mashimo zingeegemezwa bila hotuba ya mtu. Haumgharimu, kwa sababu madai hayafiki kwa afisa kazi wa wilaya. Jina la kibarua liko kwenye daftari la nyapara, mara nyingine jina moja tu, na malipo yalipita kwenye simu ya nyapara au mkono kwa mkono. Alitoka Arua, au Kasese, au ng'ambo ya mpaka Kongo. Familia yake inafika, inapewa jeneza, gari la kusafirisha mwili na bahasha ya rambirambi, na mambo yanaishia hapo. Bahasha hiyo ni nafuu kuliko mbao za kuegemeza.

Dhidi ya haya kuna pingamizi moja nzito, na inatoka kwa vibarua wenyewe. Wakaguzi wakija kwa ukali wakafunga saiti, tajiri anakwenda nyumbani kula, kibarua ndiye anayelala njaa. Anaishi kwa ujira wa siku. Sheria ya 2006 inampa haki ya kuondoka penye hatari ya wazi, lakini getini kuna wengine wanasubiri nafasi yake, na Uganda haina kima cha chini cha mshahara chenye maana. Kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Haki ya kukataa kazi ni tamu kwa mwenye akiba. Tena ukali huwasukuma wajenzi wadogo wamwage zege usiku na Jumapili, pasipo mkaguzi. Mama anayejenga vyumba vinne vya kupangisha kwa mkopo wa SACCO si mkandarasi wa barabara, na kumbebesha karatasi zilezile ni kumwambia ajifiche.

Nakubali sehemu kubwa ya hilo. Ila sikubali kwamba ukali wenyewe haufanyi kazi. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono uliodaiwa kufanywa na wafanyakazi wa mkandarasi, pamoja na kasoro nyingine, zikiwemo za masuala ya wafanyakazi. Aliyeshika mfuko alipoukaza, kila mtu alisikia. Leo ukienda kwenye miradi mikubwa ya wafadhili utakuta afisa wa usalama, utakuta maelezo ya asubuhi kabla ya kazi, ingawa mara nyingi kwa Kiingereza, mbele ya watu wanaoelewana kwa Kiswahili na Kiganda. Mfuko ndio unaosikika. Kibarua hana mfuko.

Kwa hiyo mkaguzi wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, au wa wilaya, ambaye hawezi kufika kila mahali, aache kuhesabu kofia. Afike mara mbili: kabla watu hawajashuka kwenye shimo linalozidi kimo cha mtu, na kabla slabu haijamwagwa. Akikuta ubaya azuie shimo hilo au slabu hiyo tu, kuta zipigwe mbao au nguzo ziongezwe, na waliobaki waendelee kufyatua matofali na kukunja nondo ili ujira wa siku usipotee. Na daftari la nyapara alikague kama anavyokagua mchoro: majina kamili, namba za vitambulisho, mtu wa kupigiwa simu. Daftari hilo ndilo litakalompeleka mjane kwa afisa kazi akiwa na kitu mkononi.